Mikono Mitatu ya Usukani

Bodi la gari lilikuwa limening'inizwa kwa minyororo minne kutoka kwenye boriti za dari. Chini yake ilikaa chesisi tupu, nyeusi, imepakwa rangi mpya ya kuzuia kutu, na chini ya chesisi zilichomoza buti mbili kuukuu. Inspekta Veturia Bodea alisimama mlangoni, akakung'uta mvua kwenye kola ya koti.

"Kama umeleta gari, liache nje," ilisema sauti kutoka chini. "Kama umeleta maneno, subiri nikaze nati hii."

"Nimeleta maneno."

"Basi subiri."

Alisubiri. Karakana ilikuwa zizi la ng'ombe zamani. Pete za kufungia mifugo zilibaki ukutani, na sasa zilishika waya na mikanda ya feni. Spana zilipangwa kwa ukubwa, kila moja mahali pake palipochorwa kwa rangi nyeupe. Kutoka ng'ambo ya barabara iliingia harufu ya plamu zilizochacha, maana ilikuwa Oktoba na kijiji kizima cha Poiana Ursei kilikuwa kikipika pombe yake ya mwaka.

Nati ikakaa. Buti zikasogea, akatoka mzee mwembamba wa miaka sitini na ushei, nywele fupi za mvi, grisi hadi kwenye viwiko. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia.

"Ilarie Tăut," alisema. "Mkono sikupi, utajuta."

"Veturia Bodea. Polisi wa mkoa."

"Kama ni habari za vibali na karatasi, mke wangu ndiye aliyekuwa akizishughulikia. Ana miaka minne kaburini. Ukimpata, muulize na soksi zangu za sufi aliziweka wapi."

Veturia alitabasamu. "Sikufuata karatasi, Fundi. Nimekuja kuangalia gari."

Hakusema kwamba hii ilikuwa karakana ya tatu kuingia tangu jana, wala kwamba ndani ya mkoba wake kulikuwa na karatasi.

Karatasi hiyo ilitoka kanisani. Jumamosi iliyopita ilikuwa Jumamosi ya wafu, na siku hiyo kila nyumba ya Poiana Ursei humpelekea padri karatasi yenye safu mbili za majina, walio hai upande mmoja na waliokufa upande wa pili, ili awaombee. Padri wa zamani alikuwa akiyatafuna majina hayo kama mtu anayetafuna mkate mkavu. Hakuna aliyesikia kitu. Baba Gavril, aliyekuja kiangazi hiki, anasoma kwa sauti, jina kwa jina. Saveta Hărăguș alikuwa amesimama karibu na nguzo, kama kawaida yake, aliposikia katikati ya wafu: Sofron.

Kijiji kilikuwa na Sofron mmoja tu. Alikuwa mume wake, mlinzi wa msitu, aliyetoka nyumbani na gari lake la Aro, jipu la milimani, asubuhi moja ya Machi, asirudi yeye wala gari. Kwa miaka kumi na moja Saveta alikuwa akiliandika jina hilo katika safu ya walio hai. Hakupiga kelele kanisani. Alisubiri ibada iishe, akamwomba padri karatasi ile, Jumatatu akapanda basi hadi mjini, akaiweka mezani kwa Veturia.

"Kuna mtu anajua, mwanangu," alisema. "Mimi si mke, si mjane. Nitafutie nijue kama nimlilie au niendelee kumngojea. Sikuombi zaidi ya hapo."

Haikuwa karatasi ya daftari. Ilikuwa nene, ya kijivu, yenye harufu ya mafuta, aina ile mafundi wanayoikata kutengeneza gasketi za injini. Juu yake neno moja, kwa penseli, herufi kubwa. Na bonde zima lilikuwa na karakana tatu.

"Aro," alisema Veturia, akiinua macho kwenye bodi. "Ya mwaka gani?"

"Themanini na sita. Unazijua?"

"Baba yangu alikuwa fundi wa matrekta. Nimekulia chini ya magari."

"Kumbe wewe ni mtu wa maana." Ilarie alivuta kitambaa, akaanza kufuta vidole kimoja kimoja. "Angalia basi. Macho hayaharibu rangi, na rangi yenyewe bado."

Veturia alizunguka polepole. Springi za mbele zilikuwa mpya, ndefu, zimeliinua gari kiasi cha kiganja kizima. Mbele ilikaa winchi. Bomba la kuvutia hewa lilipandishwa hadi usawa wa paa, ili injini isinywe maji ya mto. Injini yenyewe ilikuwa ya dizeli, imetolewa kwenye gari jingine. Alichomoa sumaku ndogo mfukoni, ile ya kubandika vikaratasi kwenye jokofu, akaipitisha kwenye mbavu za bodi. Ilishika. Akaipitisha juu ya matairi, pembe za milango, chini ya madirisha, mahali ambapo mafundi wa haraka huficha kutu kwa kupaka pati isiyoshikwa na sumaku. Ilishika kila mahali.

"Unatafuta pati," alisema Ilarie. "Utatafuta hadi Krismasi. Mimi nanyoosha chuma kwa nyundo."

"Naona. Nani mwenye gari?"

"Daktari wa meno wa mjini Cluj. Pintea. Analitaka kwa ajili ya theluji, anakwenda kuteleza huko juu na watoto."

"Nipe namba yake."

Fundi alifuta kidole gumba mara ya pili, ingawa kilikuwa safi tayari. Namba iliandikwa ukutani kwa chaki kando ya nyingine nyingi. Veturia alisogea mlangoni, akapiga. Aliongea dakika moja, akarudi.

"Nimemkuta ameshika koleo. Gari lake alilichukua mwaka juzi. Anakusalimu, anasema halijamsumbua hata siku moja."

"Nimechanganya," alisema Ilarie. "Wateja ni wengi."

"Wangapi?"

Alikwenda kwenye jiko la kuni, akasogeza birika.

Veturia aliomba hati. Zililetwa ndani ya mfuko wa nailoni, na zilikuwa safi: gari lilinunuliwa miaka mitatu iliyopita, bovu, kutoka kwa mjane wa wilaya jirani. Akapiga magoti kando ya gurudumu la mbele, akawasha tochi, akasoma namba iliyogongwa kwenye chesisi. Ililingana na hati, tarakimu kwa tarakimu. Akapitisha ukucha kuizunguka. Mahali fulani ukucha ulikwama kidogo, ukaendelea, ukakwama tena. Mstari mwembamba kama unywele ulikata chesisi mbele ya namba na nyuma yake, kana kwamba kipande hicho kilitolewa kwenye gari jingine.

"Hapa pameungwa."

"Palikuwa pameoza. Gari la umri huu likikosa kuoza, shukuru."

"Na kipande chenye namba kikabaki kizima, kilichooza ni kila upande wake?"

"Bahati."

"Bahati nzuri sana, Fundi."

"Nami mara moja moja huipata."

Lilikuwa jibu la kutosha. Hakimu yeyote angelipokea. Veturia alisimama, akaufuta ukucha, macho yakatua kwenye rafu iliyo juu ya benchi la kazi. Pale palikuwa pamepangwa vyuma vitatu vinavyofanana, kila kimoja kifupi kuliko mkono toka kiwiko hadi kiganja, vimepindwa kidogo, vyenye tundu huku na huku. Mikono ya usukani, ile inayopokea nguvu kutoka kwenye boksi la usukani na kuipeleka kwenye fimbo zinazogeuza magurudumu. Alitwaa wa kwanza. Ulichongwa kutoka chuma kizima. Wa pili pia, mnene zaidi. Wa tatu ulikuwa mnene maradufu, wenye pini ya kuzuia nati isilegee. Na wa nne, aliuona sasa, ulikuwa umefungwa kwenye gari, na ndio fundi aliokuwa akiukaza Veturia alipoingia.

"Hii mitatu ina kasoro gani?"

"Haina."

"Basi kwa nini uliitoa?"

"Nilitaka bora zaidi."

"Huu unatosha lori la mbao." Aliupima mkononi. "Springi moja, Fundi. Winchi moja. Bomba moja. Kila kitu kwenye gari hili umekifanya mara moja, ukakipatia, ukaenda mbele. Kitu hiki kimoja umekifanya mara nne."

Ilarie alimimina chai. Hakumwaga hata tone. "Mtu akiinua gari, usukani ndio wa kuangalia. Mkono wa kawaida unakuwa juu mno, lazima ushuke. Baba yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Alisema wavivu huupasha moto kwa gesi na kuukunja. Unashuka mara moja, dakika kumi, kazi imekwisha. Ila chuma cha namna ile kikishapashwa moto hakina nguvu tena."

"Baba yako alijua kazi," alisema Ilarie, akaweka birika chini.

Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa umeegemezwa ukutani. Veturia aliugeuza. Nje ulikuwa laini kama yai. Ndani, chuma kilijaa alama za mviringo zilizopandana, kubwa kubwa, kama magamba ya samaki.

Saveta alikuwa amemwambia juu ya mlango. Fahali wa jirani aliupiga pembe, na Sofron, aliyekuwa bahili wa kwenda kwa fundi, aliunyoosha mwenyewe kwa kisogo cha shoka, Jumapili nzima, akimtukana fahali, mwenye fahali na mama wa mwenye fahali.

"Kila chuma cha gari hili umekinyoosha hadi ndani," alisema Veturia. "Huu umeuacha."

"Hiyo si kazi yangu. Ni ya mtu mwingine, na inashika. Kazi inayoshika siigusi."

"Ya nani?"

"Ya aliyekuwa na gari."

"Mjane wa wilaya jirani, alinyoosha mlango kwa kisogo cha shoka."

"Wako wanawake wenye nguvu."

Aliketi kwenye kigoda, akamsukumia Veturia kingine kwa mguu. Mvua ilikuwa imeongezeka, ikipiga bati bila haraka. Veturia alikaa, akatoa daftari.

"Bega lako lilipata nini?"

"Nilianguka mtini. Zamani."

"Miaka kumi na moja, kwa mujibu wa hospitali. Tarehe kumi na tisa, siku mbili baada ya Sofron Hărăguș kupotea. Uliwaambia ulianguka kutoka mti wa plamu. Machi, Fundi. Plamu gani za kuchuma mwezi wa Machi?"

Kwa mara ya kwanza Ilarie alicheka. "Ah, mama inspekta. Machi ndiyo wakati wa kupogoa. Kumbe ulikulia chini ya magari tu, juu ya miti hukupanda."

Veturia alikata mstari kwenye daftari. "Hilo umenishinda."

"Usijali. Kunywa chai."

Alikunywa. Ilikuwa na asali, nzito. Kisha akatoa karatasi ya kijivu kwenye mkoba, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya benchi, katikati ya koleo na kopo la nati. Nusu ya bunda la karatasi kama hiyo ilikuwa imeviringishwa kwenye kona, nyuma ya mtungi wa gesi.

Ilarie aliitazama bila kuigusa.

"Kila fundi anayo karatasi hiyo," alisema.

"Kweli. Wote watatu. Nilipoipata, nilifikiri ni laana. Kumwandika mtu aliye hai katika safu ya wafu ni sawa na kumchimbia kaburi. Bibi yangu alijua wawili waliofanyiana hivyo kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nikajiuliza nani alimchukia Sofron. Jina likaja lenyewe."

"Traian Buciu."

"Traian Buciu. Mwizi wa mbao, Sofron alimkamata mara mbili. Alikaa mahabusu miezi minne, wakamwachia kwa kukosa ushahidi, na tangu siku hiyo kijijini hapa hakuna aliyemuuzia hata msumari. Yuko Uhispania anavuna matango. Hawezi kupeleka karatasi kanisani." Alisogeza kikombe. "Kisha nikaongea na Firuța, yule mama anayefagia kanisa. Yeye ameosha sahani zote za Jumamosi za wafu tangu zamani. Anasema kila mara, alfajiri, kwenye mlango wa pembeni huachwa sahani moja ya ngano ya kuchemsha, yenye asali, haina mwenyewe, na karatasi ya kijivu iko chini yake. Miaka kumi na moja, haikukosa hata mara moja. Anayelaani haleti ngano, Fundi. Ngano huletwa na mtu anayemwombea aliyekufa apumzike."

Ilarie alikunja kitambaa cha grisi mara mbili.

"Tena Firuța ana ulimi mkali. Anasema miaka saba ya kwanza ngano ile ilikuwa tamu, laini, karanga zimepangwa juu kwa msalaba, kazi ya mwanamke anayejijua. Miaka minne hii imeungua chini. Analazimika kukwangua sahani kwa kisu. Anasema, 'Mwanamke yule ama kafa ama kapofuka.'" Veturia alifunga daftari. "Fundi wa karakana ya kwanza mke wake mzima, alinifokea mlangoni. Wa pili hajaoa kamwe. Wako ana miaka minne kaburini. Umeniambia mwenyewe kabla sijaketi."

Tone la maji lilianguka kutoka darini juu ya jiko, likafoka, likakauka.

"Sufuria yenyewe nyembamba," alisema Ilarie mwishowe. "Ukiacha kukoroga kidogo tu, inashika. Mke wangu, Ana, alikuwa akikoroga saa nzima."

"Ana alijua?"

"Nani mwingine angefunga bega langu usiku ule." Alitazama chesisi. "Utaandika, au nikuambie tu?"

"Una haki ya kuwa na wakili kwanza."

"Wakili atanifundisha kusema nini? Andika."

Aliongea polepole, kama mtu anayemweleza mteja kilichoharibika. Sofron alitaka gari lipande zaidi, kwa sababu ya visiki huko msituni. Ilarie aliliinua. Mkono wa usukani ukawa juu, kipande kipya kilihitaji wiki mbili kufika, na Sofron alikuwa na haraka. Basi akaupasha moto kwa gesi, akaukunja, dakika kumi.

"Aliniuliza, 'Utashika?' Nikamwambia, 'Ungekuwa hauwezi kushika, ningepanda nawe?' Nikapanda. Tulilijaribu kwenye barabara ya mgodi wa zamani, ule wa dhahabu uliofungwa. Kwenye kona ya tatu usukani ulizunguka mikononi mwake, bure, kama wa gari la bembea. Hata hakutukana. Yeye, asitukane. Tukaviringika hadi chini kwenye kijito."

"Alikufa papo hapo?"

"La."

Veturia aligeuza ukurasa.

"Simu haikushika kule chini. Bega limevunjika. Na hakutaka nimwache. Alipokwisha..." Ilarie alipangusa benchi kwa kiganja, ingawa hapakuwa na kitu cha kupangusa. "Alipokwisha ilinipasa nipande juu niite watu. Badala yake nilikaa, nikapata muda wa kufikiri. Hapo ndipo nilipoharibu. Bonde zima linapanda magari niliyoyagusa, mama inspekta. Padri, daktari, basi la shule. Nikafikiri, kesho kila mtu ataangalia usukani wake. Nikamvuta hadi kwenye mdomo wa mgodi, nikamlaza ndani, nikapanga mawe kwa mkono mmoja. Ilinichukua siku mbili. Polisi walipokuja nikawaambia aliondoka hapa akielekea upande wa pili wa mlima. Wakatafuta huko."

"Gari?"

"Nililifunika kwa matawi. Kiangazi nikalikokota kwa winchi hadi ndani ya mgodi. Lilikaa miaka minane."

"Na Buciu alipokamatwa?"

"Nilijua."

"Miezi minne, Fundi."

"Nimekuambia nilijua. Sina la kuongeza hapo."

Veturia aliandika sentensi hiyo kama ilivyosemwa.

"Kwa nini ulilitoa? Ungeliacha huko, leo ningekuwa na karatasi tu na sufuria iliyoungua."

"Ana alipofariki nilibaki na jioni nyingi. Nikasema nitalitengeneza, nilifikishe kwa Saveta, sijui kwa maneno gani. Nimelimaliza mara tatu. Kila nikilimaliza nalijaribu pale kwenye kona, linashika, narudi nyumbani, nalifungua lote tena." Aliinua macho kwenye bodi lililoning'inia. "Huu wa nne hauvunjiki. Mwambie mtaalamu wako aupige kwa nyundo ya kilo tano. Atachoka yeye."

Veturia alimsomea maelezo yake, naye akatia saini kwa herufi kubwa za penseli. Akampigia simu mwendesha mashtaka, akaomba wataalamu wawili na gari. Ilarie alinawa mikono kwa unga wa sabuni hadi kwenye viwiko, akazima jiko, akarudisha spana tatu mahali pake. Mlango ulipofungwa, Veturia alibandika lakiri juu ya kufuli.

Saveta alikaa nyumba ya sita kutoka kanisani. Veturia hakuketi. Alimwambia akiwa amesimama, kwa maneno machache, kwa mpangilio: amekufa, siku ile ile, lilikuwa kosa la kazi ya fundi na si la kisasi, yuko mahali fulani na mahali hapo panajulikana. Saveta alikuwa akimenya viazi. Alimaliza kile alichokishika.

"Ilarie," alisema. "Aliniletea kuni kila Septemba. Nilidhani ana huruma."

"Kesho asubuhi tunapanda. Si lazima uje, mama. Si jambo la kuangalia."

"Miaka kumi na moja sijaangalia kitu. Nitakuja."

Mvua ilikatika alfajiri. Gari la polisi lilifika hadi kwenye kivuko cha kijito, likazama kwenye matope, likagoma. Wakashuka wakatembea: wataalamu mbele na machela, mwendesha mashtaka na viatu vya mjini akinung'unika, kisha Veturia, kisha Ilarie na pingu. Saveta alikuwa wa mwisho. Alikuwa na mwendo mfupi, wa haraka, na kabla ya kona ya pili alikuwa amemfikia fundi, wakawa wanatembea sambamba, bega lake kwenye kiwiko cha yule mwanamume. Veturia alipunguza hatua, asikie, asiingilie.

Walitembea hivyo hatua mia hivi.

"Fundi," alisema Saveta. Walibatizwa mwaka mmoja, na hadi jana, maisha yake yote, alimwita Ilarie.

"Naam, Saveta."

"Alikuwa na mwanga mkononi?"

Katika vijiji vile mtu akifa bila mshumaa mkononi, watu hulitaja jambo hilo kwa sauti ya chini hata baada ya miaka ishirini, kama aibu ya ukoo. Ilarie alisimama, na wote waliokuwa mbele wakalazimika kusimama.

"Mshumaa hatukuwa nao," alisema. "Nilikuwa na kibiriti. Niliwasha njiti, nikaishika pamoja naye, vidole vyake na vyangu. Ilipotuchoma nikawasha nyingine."

"Ngapi?"

"Kumi na tisa. Ya ishirini ilikuwa inawaka bado."

"Aliziona?"

"Aliziona. Ya kwanza kabisa aliniambia naishika vibaya, niikinge upepo kwa upande wa pili."

Saveta alimtazama usoni kwa muda mrefu. Midomo yake ilicheza, na Veturia akasogea hatua moja, asijue kama ni kilio kinachokuja au kofi.

"Ndiye," alisema Saveta. "Ndiye huyo huyo. Anakufa huku anamfundisha mtu kazi."

Akapenga kamasi, akakohoa. Kisha akafungua kitambaa cha maua kichwani, akakikunja mara nne juu ya goti, akakitia mkobani. Akatoa cheusi. Kilikuwa bado na mikunjo ya dukani, migumu, na kwenye pindo uzi wa karatasi ya bei ulibaki. Aliukata kwa meno. Alikifunga bila kioo, akalikaza fundo chini ya kidevu, akawapita wote, mwendesha mashtaka na wataalamu na machela yao, akatangulia.

"Haya," alisema bila kugeuka. "Nionyesheni mume wangu."